Hatua Tatu Nje ya Uzio

Babu yangu,

Shikamoo. Naanza na salamu ingawa marahaba yako sitaisikia, kwa sababu hukuwahi kupokea neno lolote kutoka kwangu kabla ya kuamkiwa. Hata siku ile nilipokuja mbio kukwambia mbuzi wameingia kwenye uwele, ulinisimamisha. "Mbuzi watakula tu, mke wangu. Kwanza niamkie." Nikakuamkia huku nahema, na mbuzi wakamaliza mistari miwili.

Leo ni Jumapili mchana. Wenzangu saba wamepata kipaimara asubuhi. Mimi sikupata. Nataka wewe ndiye nikueleze kwa nini, maana nyumbani hakuna anayeuliza, na nina mambo mawili ya kusema nawe ambayo sikuyasema ulipokuwa unasikia.

Ninachokumbuka zaidi ni mambo ya mtoni. Kabla hatujahamishiwa huku kijijini, kando ya barabara ya Shelui, wewe ndiye uliyekuwa mchimbaji wa visima vyetu. Kila kiangazi mto ukikauka ulishuka kwenye mchanga na jembe lako lililokwisha, ukapiga chini kwa kisigino, ukainamisha kichwa kama anayesikiliza, ukasema, "Hapa." Baba alisema unabahatisha. Na kweli ulikuwa unabahatisha. Mwaka mmoja ulichimba mashimo manne makavu, ukamlaumu mama kwa kupita hapo na sufuria tupu mkononi.

Shimo likipita kimo chako ulichonga vidato ukutani, kimoja kushoto, kimoja kulia, mpaka juu. Mimi ndiye niliyetosha mle chini. Nilikuwa na miaka sita au saba. Niliteka kwa ile kata ya kibuyu na kuipitisha juu, mkono kwa mkono. Niliogopa sana, Babu. Mchanga ulikuwa ukinidondokea shingoni, na nikitazama juu niliona mbingu imebaki kama sahani. Nilipoanza kulia uliinama ukaniuliza, "Vidato si unaviona?" Nikasema naviona. "Basi unalia nini?"

Kata ya kwanza haikumiminwa kwenye ndoo ya mtu. Aliyekuwa amesimama karibu alipewa akanywa, awe wa kwetu, awe mpita njia, awe hata yule jirani uliyegombania naye mpaka wa shamba. Huyo ulimpa huku umenuna, ukitazama pembeni. Lakini ulimpa.

Nilipoanza mafundisho ya kipaimara ndipo nilipoanza kukusomea mchana, wewe ukisuka kamba, Bibi Mkubwa na Bibi wakichambua mlenda. Nilipenda kusoma kwa sauti mbele yako kwa sababu mbele ya watu wengine sauti yangu hupotea. Siku moja nikakusomea habari za yule tajiri aliye motoni, anayeomba maskini achovye kidole majini na kumpoza ulimi. Ugoro ulikuwa umeushika vidoleni, ukausahau.

"Akampelekea?"

"Hapana, Babu. Katikati kulikuwa na shimo kubwa. Hakuna wa kuvuka."

"Maji yalikuwepo?"

"Yalikuwepo."

"Na mtu ana kiu."

"Ndiyo."

Ukamgeukia Bibi. "Hivi hawa ni watu wa wapi?"

Bibi alicheka mpaka akamwaga mlenda. Mimi nilikasirika, nikafunga kitabu. Nilidhani unadhihaki, na nilidhani ni kazi yangu kukukasirikia.

Siku mbili baadaye ulikuwa peke yako, bibi zangu wamekwenda kuokota kuni. Nilipita nikichukua ufagio. Uliniita. "Mke wangu. Huo moto ni kweli?"

Safari ile hukuwa na uso wa utani. Nami, badala ya kukaa chini karibu yako, nilisimama na ufagio nikajibu kama niko mbele ya mwalimu. "Ni kweli, Babu. Ni kwa kila asiyebatizwa." Uliendelea kusuka, na baada ya muda nikaona umesuka vibaya, ukafumua kipande kirefu na kuanza upya. Hilo ndilo jambo la kwanza. Nisamehe kwa kusimama.

Wote tunajua kwa nini hukubatizwa. Ulikwenda mwenyewe kuomba maji, zamani, Baba akiwa bado anabebwa mgongoni. Ukaambiwa uchague mke mmoja ndipo urudi. Ukauliza yupi. Ukaambiwa wa kwanza. Bibi yangu ni wa pili. Bibi anasema uliporudi siku ile hukumweleza lolote, ila ulimwambia asonge ugali mkubwa maana umetembea sana. Habari yenyewe aliipata kwa watu mwaka uliofuata. Kwa hiyo Baba akakulia kwako, na mimi nikazaliwa kwako, na sisi wote tukabatizwa, ukabaki wewe na wake zako mlangoni mkituangalia tunavyokwenda ibadani tumevaa nguo safi.

Siku uliyotutoka watu wote walikuwa shamba la kijiji. Katibu alikuwa akiita majina asubuhi, na asiyeitika alitafutwa. Baba aliomba yeye na bibi zangu wabaki nawe, akaambiwa mgonjwa haponi kwa kutazamwa na watu watatu. Nikaachwa mimi, kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa.

Wiki ileile tulikuwa tumefundishwa kwamba mtu akizidiwa wakati mchungaji yuko mbali, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Maji mara tatu kichwani na yale maneno, basi. Nilikuwa nimeyaandika katika daftari na kuyapigia mstari. Nilipoona pumzi yako inakatikakatika nilikwenda mtungini, nikateka kwa kata ileile ya mtoni, nikarudi nikasimama juu yako. Maji yakadondoka kifuani pako, ukafumbua macho.

"Ya kunywa au ya kichwani?"

Niliitazama kata.

"Kama ni ya kichwani, itabidi niwaache wale wawili nibaki na wewe. Na wewe kupika hujui."

Kicheko kilinitoka pamoja na machozi. Ndipo ukasema kwa sauti nyingine, "Nina kiu, mjukuu wangu."

Hukuwahi kuniita hivyo. Nilikuinua kichwa, ukanywa yote, polepole, ukairudisha kata mkononi mwangu kama tulivyokuwa tukifanya kisimani. Kisha ukalala.

Ulilala muda mrefu kabla ya kuondoka. Hapa ndipo penye jambo la pili. Kata nilikuwa nayo. Mtungi ulikuwa karibu. Maneno niliyajua. Ulikuwa umelala, usingejua, na nisingekuwa na mtu wa kunizuia. Nilikaa. Nilikuwa nimekuuliza kwa mkono wangu na wewe ulikuwa umenijibu, na sikuona jinsi ya kukuuliza tena ukiwa huna uwezo wa kukataa. Mpaka leo sijui kama hilo ni la kuombea radhi. Naliandika tu ulijue.

Wewe ndiwe mtu wa kwanza kuzikwa katika kijiji hiki. Kanisa lilikuwa limepewa kipande cha ardhi cha makaburi, na wazee walikuwa wamekizungushia matawi ya miiba ili mbuzi wasiingie. Wakakuzika nje. Nimepima, ni hatua tatu kutoka kwenye uzio. Ndani hakuna kaburi hata moja, Babu. Kumefyekwa vizuri, kunasubiri. Na wewe uko nje peke yako, umetengwa na watu ambao bado hawajafa.

Siku chache baada ya mazishi Baba aliniita nyuma ya nyumba. Unajua ni mzee wa kanisa, na unajua anavyokunja kofia anapokuwa na neno zito. Aliikunja mpaka ikawa kama kitambaa cha mkononi.

"Ulikuwa naye peke yako."

"Ndiyo, Baba."

"Na yale maji ya dharura mmefundishwa."

"Ndiyo."

"Mchungaji anakuja Jumamosi kuwahoji. Ukimwambia ulimmwagia, hata tone, ataandika kitabuni. Uzio ni miiba tu. Nitausogeza mwenyewe kabla ya chai."

"Baba, mimi..."

"Sikuulizi sasa," akasema. "Jaribu kukumbuka vizuri."

Hakuniambia nidanganye. Ingekuwa rahisi kama angeniambia.

Siku zile zote nilikuwa kama niko tena mle shimoni, na safari hii vidato sivioni. Nikisema ndiyo, nimesema uongo mbele ya wazee wa kanisa, na waongo wametajwa katika orodha ya moto uleule. Orodha hiyo naijua kwa moyo, niliwahi kusifiwa kwa kuisema bila kukosea. Nikisema hapana, nimekufungia nje kwa mdomo wangu, na Baba nimemwacha amesimama kwenye miiba akikutazama maisha yake yote. Niligeuza maneno upande huu na ule, wakati wa kupalilia, wakati wa hesabu, hata wakati wa sala. Nilifika mahali pa kuwaza kwamba uongo ungeandika jina lako kule na kunipeleka mimi huko uliko. Wazo hilo lilinitisha kuliko yote, kwa sababu lilinifurahisha kidogo.

Ijumaa, tulipokuwa tunapanga foleni ya maji, Yona tunayesoma naye mafundisho akasema mbele ya wenzetu, "Babu yake huyu sasa hivi anaota moto bila kuokota kuni." Wakacheka. Mimi niliangalia ndoo yangu. Wewe ungempatia jibu la kumnyamazisha mwaka mzima. Mimi jibu langu lilikuja nikiwa nimefika nyumbani, na hata hivyo halikuwa zuri.

Jumamosi mchungaji alikuja kwa baiskeli, vumbi mpaka nyusi. Nilitamani awe mkali. Alikuwa mpole. Alinisalimu kwa jina, akaniambia amesikia msiba, akafungua kile kitabu kikubwa kwenye meza na kushika kalamu.

"Binti, nimeambiwa ulikuwa na mzee mwisho wake. Usiogope. Maji yakitolewa kwa imani yanatosha hata yakitolewa na mtoto. Ulimpa maji?"

Baba alikuwa amekaa dirishani na wazee wenzake. Kofia ilikuwa mkononi.

"Nilimpa," nikasema.

Mchungaji akainamisha kalamu. Niliona wino umegusa karatasi.

"Alikunywa," nikasema.

"Alikunywa?"

"Aliniambia ana kiu. Akanywa yote. Akanirudishia kata."

Mchungaji aliitazama ile nukta ya wino, akafunika kalamu. Nadhani hakujua afanye nini na mimi, kwa hiyo akaendelea na maswali kama kwa wengine. Akaniuliza wale wasiobatizwa wakifa wanakwenda wapi.

Jibu nalijua, Babu. Liko ukurasa wa kushoto, juu ya doa la mafuta ya taa. Nililiona lote mbele yangu, na nikaona kamba unayoifumua. Mdomo haukufunguka. Alinisubiri, akaniuliza mara ya pili, taratibu, kama anayenisaidia. Kisha akamgeukia Yona, naye Yona akalisema lote kwa pumzi moja. Mimi nikaandikiwa kurudia mafundisho mwaka mzima.

Baba alitangulia njia nzima. Nyumbani alikaa mbele ya ugali bila kunawa. "Ungesema tu," akasema, hakuniangalia.

Bibi alikuwa mlangoni na Bibi Mkubwa. "Angesema nini?" Bibi akamwuliza. "Mtu alikuwa na kiu."

Baba akainuka akatoka. Aliacha kofia chini, na sijawahi kumwona akitoka bila kofia.

Leo asubuhi nilikaa benchi la nyuma. Wenzangu walipopiga magoti mbele niliwahesabu migongo, saba. Yona alikuwa amevaa shati jeupe la kaka yake, mikono imemzidi, na uso wake ulikuwa na hofu kama wangu. Sikuweza kumchukia. Ibada ilipokwisha niliona Baba ametoka peke yake kuelekea makaburini, nikamfuata kwa mbali. Alisimama ndani ya uzio, kule kulikofyekwa, akaweka mkono juu ya tawi la miiba. Nilidhani atalivuta. Alikaa hivyo mpaka damu ikamtoka kidoleni, akaondoka. Uzio uko palepale.

Sasa naandika nimekaa katika hizo hatua tatu, kati ya miiba na wewe. Hapa si ndani, na kwako pia sijafika. Mwakani watanisimamisha na kuniuliza swali lile lile. Sijaacha kuamini. Nasali kila siku, na ninaposali namwomba yule yule niliyefundishwa kwamba amekukataa, na sina mwingine wa kumwomba. Kwa hiyo siwezi kusonga mbele, wala siwezi kurudi nyuma.

Nimekuja na kata. Nilitaka nikumwagie maji hapa juu ya udongo, nikaona nitakuwa nakufanyia ulichokikataa. Nikataka niyanywe mwenyewe, nikashindwa kumeza. Nimeiweka hapa katikati ikiwa imejaa.

Kama lile shimo lipo kweli, Babu, na kama hakuna wa kuvuka, wewe umekaa mashimoni maisha yako yote. Chonga vidato upande wako. Kimoja kushoto, kimoja kulia, kama ulivyozoea, hata kama watakuambia unabahatisha. Mimi nitachonga upande huu, ingawa mikono yangu imezoea kalamu.

Bibi zangu wanakusalimu wote wawili. Wanabishana nani atalala kulia kwako. Kwenda kule ndani hakuna anayetaka.

Ni mimi, kama ulivyoniita mara moja tu,

Mjukuu wako