Nimesimama na Ushuhuda wa Marehemu

Mpendwa Mshauri,

Nakusalimu kutoka Molo, na kabla hujaanza kunigombeza nakuomba unisome mpaka chini, maana nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, na kuandika nimejifunza uzeeni, katika darasa la ubatizo, nikikaa na watoto wanaonicheka nikikosea, nami nawacheka wakipigwa.

Mimi ni mzee Kimaiyo, mkamuaji katika shamba la Mzungu mmoja, na kwetu jina hilo hupewa mtoto aliyezaliwa watu wakinywa pombe, kwa hiyo usishangae ya mbele. Mke wangu Chepkemei aliokoka mwaka ule wa nzige akabatizwa Rahab, akaingia katika ushirika wa ndugu wanaokutana Alhamisi jioni ndani ya banda la kukaushia maua ya pareto, na mimi nikabaki na pombe yangu ya busaa, kila mtu na kanisa lake, ndivyo nilivyokuwa nikimwambia.

Labda huko mjini hamjui desturi yao. Huwezi kukaa pale tu kama gunia la viazi. Lazima siku moja usimame useme Yesu alikukuta wapi, ukifanya nini, siku gani, na uchafu wako uutoe nje watu wauone, ndipo wakuhesabu ndugu. Rahab alikuwa akiuzoeza ushuhuda wake jikoni, akikoroga uji, na mimi kwa uchokozi wangu nikawa mwalimu wake. Yesu alimkuta mtoni akifua nguo, akalia mpaka sabuni ikachukuliwa na maji asiifuate. Akiiruka sabuni mimi nampigia kelele kutoka kitandani, mama, umesahau sabuni, naye anacheka, anaanza upya. Nimeusikia ushuhuda ule mpaka nikaujua kuliko hesabu ya ng'ombe ninaowakamua.

Sasa mwaka jana wakati wa mvua Rahab akashikwa na kifua, na mchana mmoja Jepkorir, jirani yetu na rafiki yake wa ushirika, akaja kuniita kwa mpika busaa. Akasimama mlangoni, maana yeye haingii mahali kama pale, akasema, "Mzee, Rahab anakutaka. Anaomba maji ya kunywa, na anataka umpe wewe."

Watu wote waliniangalia, na mimi ndiye mchekeshaji wao. Nikasema, "Mwambie Yesu wake ampelekee maji, mkono wangu una kikombe."

Walicheka sana, Mshauri. Mmoja alimwaga pombe yake kwa kucheka. Nilipofika nyumbani nilikuta wameshamfunika.

Toka siku ile busaa ina ladha ya maji ya kuoshea ndoo, na nyumba imekuwa baridi hata moto ukiwaka, nikaanza kwenda Alhamisi, si kwa wokovu, nisikudanganye, bali nikae tu kwenye benchi pale alipokuwa akikaa yeye. Jepkorir alisogea akaniachia nafasi. Wananipa chai. Wananiuliza habari za mgongo wangu na za ng'ombe wa Bwana, yule Mzungu, kana kwamba ni wangu. Mahali pengine hakuna anayeniuliza kitu, ila wananiomba niwachekeshe.

Basi jioni moja kiongozi wao Ephantus, mpishi wa Bwana, Mkikuyu ambaye siku hizi za hali ya hatari hatembei bila pasi ya ruhusa hata akienda kuchota maji, akauliza kama mzee ana neno. Nikasimama nikitaka kusema tu, "Habari zenu." Mdomo ukafunguka ukatoa ushuhuda wa Rahab. Nilipojisikia nimeshafika katikati, nikageuza upesi, mto nikaufanya josho la ng'ombe, nguo nikazifanya ndoo, sabuni nikaifanya maziwa, yakamwagika nisiyafuate. Jepkorir akajifunika uso kwa leso. Ephantus akaja akanikumbatia, moshi wa jiko la Bwana ukanijaa puani, akasema, "Karibu, ndugu. Siku ukiwa na lingine la kusema, tutalisikia pia." Nikaona wamependa huo uongo mpaka wanataka na mwingine.

Mwisho wa mwezi mchungaji anakuja kutoka Nakuru kutubatiza mtoni, na kabla ya kuingia majini kila mtu humweleza alivyokutana na Bwana wa mbinguni, si huyu wa ng'ombe. Nikisema ya josho nitakuwa nimeingia majini na nguo za marehemu. Nikisema ya kweli, lile neno la kikombe, nani atakaa karibu nami tena, watanitoa kwenye benchi, na benchi ndilo lililobaki, nyumbani kuna kikombe chake tu kimefunikwa juu ya rafu. Tena maji ya Molo ni baridi ya kuua mzee, nisije nikafa humo nikiwa bado mwongo. Au nirudi tu kwa mpika busaa, ambako hawaulizi siku wala mahali?

Ni mimi Kimaiyo, Molo.

JIBU

Mzee Kimaiyo, pole kwa kufiwa. Nimetanguliza pole kwa sababu yanayofuata si matamu.

Wewe ni mwerevu wa pombeni, lakini jioni ile mjinga alikuwa mmoja tu ndani ya banda. Rahab alisimama na ushuhuda ule mbele ya watu hao hao tangu mwaka wa nzige. Unadhani ni wewe peke yako uliyeujua? Mpishi aliujua. Akina mama wanaokaa benchi za nyuma waliujua, na sabuni yake. Mimi sikuwepo, lakini fikiri mwenyewe, mzee mzima: walikuona ukiiba maneno ya marehemu, wakakukumbatia hivyo hivyo, na kiongozi wao akakuambia wazi kwamba wangali wanakusikiliza. Wewe ukaona umewaweza.

Na Jepkorir. Umeandika yote haya na hukumwona. Neno la kikombe unalowaficha watu, yeye alilisikia kabla yao. Ndiye aliyerudi nalo kwa mgonjwa, au alilinyamazia njiani akampa maji kwa mkono wake mwenyewe. Hujui, kwa sababu hujamwuliza. Kisha Alhamisi ulipoingia, mtu huyo huyo akasogea ukapata pa kukaa.

Sitakuambia neno lile lilikuwa dogo. Mke wako alikuomba maji, ukamfanya kichekesho. Hutampa tena, na hakuna ubatizo utakaokurudishia mchana ule. Utaishi nao umri uliobaki. Lakini usiseme unajiadhibu ukirudi kwa mpika busaa. Huko ni kurudi kwa waliocheka. Huyo Yesu uliyemtania alikaa mezani na watu wabaya kuliko wewe, na hakuwadai kwanza hadithi nzuri.

Sasa sikia. Kabla ya Alhamisi nenda kwa Jepkorir, mchana, ukiwa hujaonja kitu. Mwombe msamaha, kisha mwulize Rahab alisema nini mwishoni. Atakachokujibu ukipokee, hata kikikuvunja. Usijitetee.

Alhamisi simama useme neno la kikombe kama lilivyokuwa, pamoja na kicheko chake. Ukihisi mzaha unapanda kooni, funga mdomo ukae chini. Huenda mmoja akasogea mbali nawe. Mwache asogee, wewe usihame.

Mchungaji akikuuliza siku na mahali, mwambie huna. Mwambie ulikuja kukalia nafasi ya mke wako ukashindwa kuondoka. Hayo ni yako, hukuyachukua kwa mtu. Akiona bado hujawa tayari, rudi kwenye benchi ungoje, kama Rahab alivyokungoja wewe.

Ushuhuda wake mwachie mwenyewe, na sabuni yake.

Kuhusu maji, ni kweli, Molo haina huruma kwa wazee. Ukikubaliwa kuingia, nenda na blanketi kavu, umwombe Jepkorir akushikie.