Tui Lililokatika

Kibiti, Jumanne, Rajabu.

Kosa ni langu, si la ukwaju. Ukwaju hutiwa chungu kikishaepuliwa, kidogo kidogo, huku unakoroga. Leo niliumimina wote tui likichemka, likakatika: mafuta juu, maji chini.

Mmoja wa askari wa Wadachi ninaowapikia akachungulia chunguni.

"Mama, maji gani haya? Ndiyo dawa yenu ya kuzuia risasi?"

"Ni tui, mwanangu. Limekatika tu."

Hakuamini. Nikanywa bakuli zima mbele yake, ulimi ukababuka.

Kesho napika tena. Nitatia unga wa muhogo kidogo lishikane.

Na wakija kupekua nyumba? Kibuyu cha dawa yenyewe, alichoniachia mdogo wangu, bado kiko uvunguni.