Mkono wa Kyungu

Jumanne, 3 Februari

Leo nimetoka kitandani peke yangu, bila fimbo, nikatembea mpaka mlangoni na kumpungia jirani mkono kama mkubwa wa serikali.

Uongo. Mlango ndio uliofunguliwa, minye nilibaki kitandani. Jirani ndiye alinipungia. Lakini wakubwa wa serikali nao wanadanganya, basi tuko sawa.

Feza ameniletea daftari hii. Binti yangu huyu ni mwalimu, anaamini kila ugonjwa unapona kwa kuandika. "Andika, Papa, kichwa kisilale." Naandika. Daftari inateleza kwa sababu hakuna mkono wa pili wa kuishika. Feza ameweka juu yake lile jiwe langu la malakiti, la kijani, zawadi ya pensheni. Nilijizawadia mwenyewe. Kiwanda kilichukua nusu ya kidole changu kidogo, minye nikachukua jiwe. Hapo pia tuko sawa.

Dokta anasema mshipa ulipasuka kichwani upande wa kuume, ndiyo maana upande wa kushoto umelala. Kwa Kifaransa anaita AVC. Nilimuuliza kama dawa yake ni AVD. Hakucheka. Watu waliosoma sana hawacheki.

Alhamisi, 5 Februari

Mama Feza amenikasirikia. Nilikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nikamaliza, nikaomba kuongezewa.

"Na hii ingine, Papa Feza, unamuachia nani?"

Nikatazama. Sahani tupu. Akaizungusha. Nusu ya bukari ikatokea. Haikuwapo, sasa ipo. Nimeona wacheza karata wa sokoni wakifanya hivyo, lakini mke wangu hajui karata.

Jana ilikuwa vilevile. Nusu kamili, kama imekatwa kwa kisu katikati.

Dada yangu mkubwa alikuwa amekaa pale. Anaitwa Mujinga. Kwa Kiluba ni jina la heshima, la mtoto aliyezaliwa na kamba ya kitovu shingoni. Kwa Kiswahili nanyamaza, anaweza kufungua daftari hii. Aliitazama ile nusu ya bukari, akaweka kikombe chini polepole.

"Ni Kyungu," akasema.

Mama Feza akafanya ishara ya msalaba. Minye nikacheka. Kicheko kilitoka upande mmoja wa mdomo tu.

Kyungu ni pacha wangu. Yeye wa kwanza, minye Kabange wa pili. Kwetu majina haya yanawangoja mapasa hata kabla hawajazaliwa. Na sheria ya mapasa ni moja: sawa kwa sawa. Ukimpa mmoja yai, mpe na mwenzake. Ukimchapa mmoja, mchape na mwenzake, hata kama amelala.

Kyungu hayupo tangu utoto wetu.

Jumamosi, 7 Februari

Sisi wazee wa Panda, kampi ya wafanyakazi wa kiwanda, bado tunaiita Jumamosi siku ya posho. Posho yenyewe imebaki jina.

Leo amekuja Mama Bea, kiné, yule wa kunyoosha viungo. Mikono yake ina nguvu kama ya fundi wa treni. Aliinua kitu kutoka upande wa kushoto, akakileta mbele yangu.

"Papa, hii mukono ni ya nani?"

Nilitaka kusema ni yake, ili Mama Feza acheke. Mdomo ukasema, "Ya Kyungu."

Hakuna aliyecheka. Hata minye. Sikufanya mzaha. Nilitazama kando. Mkono wa mtu ambaye hayupo hautazamwi.

Mama Bea hakushtuka. Anasema ameona wengine. Kichwa kikijeruhiwa upande ule, kinasahau nusu ya mwili, kinasahau na nusu ya sahani. Kisha akaongea na Feza mlangoni, akifikiri masikio nayo yamelala. Mkono ambao mwenyewe anaukana, unakufa. Mguu unaufuata. Lazima ufanyishwe kazi kila siku, sasa, miezi hii ya kwanza. Ikipita, atabaki kitandani mpaka mwisho.

Atabaki. Aliyezungumziwa ni minye.

Jumapili, 8 Februari

Mvua. Misa nimeisikiliza kwenye redio, umeme ukakatika kwenye mahubiri. Nusu ya misa. Siku hizi kila kitu nusu.

Hata masomo yangu yalikuwa nusu. Nguo ya masomo ilikuwa moja, viatu pea moja, watoto wawili. Mama akaamua: leo Kyungu, kesho Kabange. Padri aliyetufundisha alijua mtoto mmoja tu. Sura moja, nguo moja. Jioni kila mmoja alipaswa kumfundisha mwenzake. Kyungu alikuwa mwalimu mbaya. Alinipiga ngumi, akaenda kucheza mpira. Kwa hiyo kuandika najua, imla iliangukia siku zangu. Lakini kuzidisha kwa saba kuliangukia siku zake. Mpaka leo sijui saba mara kitu chochote.

Alipokuwa hajui somo, aliniambia, "Leo nenda weye." Nilienda. Fimbo zilianguka kwenye kiganja cha kushoto, maana cha kuume kilikuwa cha kuandikia. Nilirudi kimevimba. Alikipulizia na kusema atanilipa siku moja.

Surua ikafika kabla ya siku hiyo. Mama alikataza watu kusema amekufa. "Ametangulia." Alitangulia kuzaliwa, akatangulia kwenda. Minye wa pili, nafuata.

Nafuata polepole mno. Labda amechoka kungoja.

Jumatano, 11 Februari

Mujinga amekuja na kitambaa cheupe.

Amesema mbele ya wote: mapasa wanagawana. Kyungu amekuja kuchukua sehemu yake. Ukimnyima nusu atachukua yote. Kwa hiyo mkono ufungwe, uachwe. Mguu usivutwe tena. Mama Bea asirudi.

Feza akampandishia shangazi yake sauti. "Tantine, ile ni mukono ya Papa!"

"Muulize yeye mwenyewe kama ni yake."

Wote wakanigeukia. Minye, mwenye jibu kwa kila mtu, niliyemjibu mkubwa wa kiwanda mpaka akasahau alichokuja kunigombeza. Nimesema, "Funga."

Mama Feza alitoka nje. Nilimsikia akipuliza mbabula, jiko letu la mkaa, ambayo haikuwa na moto.

Nimeogopa. Hapa hakuna wa kunicheka, basi naandika: nimeogopa. Tangu nirudi kutoka hospitali kuna kiti upande wangu wa kushoto. Sikioni. Lakini najua saa ambazo kina mtu.

Ijumaa, 13 Februari

Asubuhi wamenikalisha nje karibu na mbabula, kwa sababu ya baridi ya mvua. Nikasikia harufu ya nyama. Nikafurahi. Nikauliza kwa sauti nani amechinja.

Mama Feza akapiga kelele, akamwaga ndoo nzima juu yangu.

Kitambaa cha ule mkono kilikuwa kinaungua. Na chini ya kitambaa, ngozi. Sikusikia maumivu. Nilikuwa nimeketi nikimeza mate.

Wamepaka dawa, wamefunga kitambaa kingine cheupe. Feza hasemi na minye. Hasemi na yeyote.

Jumamosi, 14 Februari

Mkono ule ni baridi. Nimeugusa kwa kidole kupitia kitambaa. Baridi ya kitu kilichokaa muda mrefu mahali pasipo na jua.

Sahani: nusu. Sikuomba izungushwe. Nimesema asante, nikaangalia kule ambako kiti kiko.

Jumatatu, 16 Februari

Leo lazima niandike.

Baada ya chakula cha mchana mvua ilianguka juu ya mabati, ile mvua ya kunyamazisha kila mtu. Nililala. Nikaamka, kuna mtu kitandani.

Si ndoto. Mguu wake baridi umelala juu ya wangu. Mzito. Anachukua nafasi kama mwenye nyumba. Hasogei.

Nikamwambia, "Kyungu, bukari nimekupa. Mukono nimekupa. Kitanda hapana."

Hakusogea. Hasira ikanishika, ile ya utotoni, ya kugombania blanketi. Nikaushika ule mguu, nikausukuma kwa nguvu zote zilizobaki mwilini. Akaanguka.

Nikaanguka naye.

Nani anieleze namna gani unamsukuma mtu na unaanguka weye.

Shavu kwenye sementi. Mvua inapiga kelele, hakuna wa kunisikia. Ule mkono ulikuwa umerushwa ukapita juu ya kifua, ukatua upande wa kuume, mbele ya macho yangu. Kitambaa kimetoka. Kwa mara ya kwanza nikautazama.

Vidole vinne na kipande.

Kyungu alikuwa mtoto. Hakuvuka mlango wa kiwanda hata siku moja. Kyungu alikufa na vidole vyake vyote kumi. Kidole hiki hakina nusu, na ile nusu najua mashine iliyoila, najua hata jina la rafiki aliyenifunga kwa shati lake.

Naona nimeandika alikufa. Mama anisamehe. Alikufa. Surua ilimuua, na nilikuwepo.

Nililala pale nikiutazama mkono wa mzee, umeungua, una mishipa, mchafu kwenye kucha. Hakuna aliyeukata kucha tangu hospitali. Nimeuonea huruma kama mbwa wa jirani.

Mama Feza aliingia na bidoni ya maji, akaiangusha.

"Papa Feza! Nani alikuangusha?"

"Ni minye," nikasema.

Akainama. Nikauonyesha ule mkono kwa kidevu.

"Na huyu pia. Ni minye."

Akakaa sakafuni ndani ya maji ya bidoni na kulia. Mama huyu hakulia hata siku nilipopelekwa hospitali.

Jumanne, 17 Februari

Feza ametuma habari kwa Mama Bea arudi. Ananisemesha tena. Neno la kwanza lilikuwa kunigombeza kuhusu kucha.

Mujinga amefika, ameona mkono uko wazi juu ya mto.

"Na Kyungu?"

"Kyungu alikuwa na vidole kumi, dada. Hesabu hivi."

Akahesabu. Akahesabu tena kwa Kiluba, labda Kiswahili kinadanganya.

"Basi ile bukari alikuwa anakula nani?"

"Hakuna aliyekula. Ndiyo maana ilikuwa inabaki."

Akanipiga begani, upande wa kuume, na kuniambia minye ni mjinga. Nikamwambia hilo ni jina lake, asinigawie. Tulicheka. Akakunja kitambaa cheupe, akakitia kwenye mkoba. Dada yangu si mtu mbaya. Alimzika kaka mmoja, hakutaka kuzika wa pili, akachagua kuokoa nusu.

Alipoaga alisema, "Mubakie muzuri."

Mubakie. Kwa wengi. Chumbani nilikuwa peke yangu.

Ijumaa, 27 Februari

Mama Bea anautesa huu mkono. Anausugua kwa kitambaa chenye maji moto, kisha baridi. Ananilazimisha kusema "mkono wangu" kila anapougusa. Nasema. Mara nyingine naamini, mara nyingine nasema tu, kama sala.

Mguu unaanza kusikia. Leo wamenisimamisha, Mama Bea upande huu, Feza upande ule. Nilisimama kama mlingoti ulioliwa na mchwa, lakini nilisimama.

Kisha akanikalisha, akaweka sponji ndani ya kiganja kile. Akasema nikiminya, kichwa nacho kifanye kazi.

"Saba mara nane?"

"Hamsini na sita."

Akaendelea. Saba mara sita, arobaini na mbili. Saba mara tisa, sitini na tatu. Yanatoka bila kutafutwa, kwa sauti ya kuimba, kama watoto wa darasa wanavyoimba. Mama Bea alifurahi. Lakini Feza alikuwa ameshafika mlangoni, chaki bado kwenye vidole, na yeye anajua, tangu mtoto alinicheka kwa hiyo saba.

"Papa, hii ulijifunza lini?"

Sikujifunza. Haikuwa siku yangu.

Nywele za shingo zilisimama. Zote. Hata za upande wa kushoto.

Na kile kipande cha kidole kikaruka juu ya sponji. Mara moja tu. Mama Bea alikiona, akapiga makofi, akasema ni mwanzo. Minye nilikuwa bado natazama mahali pa kile kiti.

Jumanne, 3 Machi

Mvua imepumzika. Mama Feza anapepeta unga nje, nasikia ungo. Hewa ina harufu ya udongo.

Sahani naizungusha mwenyewe siku hizi. Leo nimekula upande wote, nikaacha tonge moja kule kushoto. Si kwa kusahau. Mama Feza aliona, akaosha sahani.

Jiwe la malakiti halionekani. Bila shaka liko kushoto, yaani haliko duniani. Daftari inateleza. Sitaki kumwita mtu kwa jambo dogo. Nimeushika mkono ule kwa huu, nimeulaza juu ya karatasi. Umekaa. Mzito kidogo. Si baridi kama zamani.

Najua ni wangu. Nimesema mbele ya wote na sirudi nyuma.

Lakini Kyungu, kama uko mule ndani na saba zako. Kiganja hiki ndicho kilipokea fimbo zako, na ulisema utanilipa. Kutembea sikuombi, hiyo nimemuachia Mama Bea. Nishikie karatasi tu, nimalize mstari huu.