Muke mwenzangu anaomba burse

Jumatatu, tarehe 6, mwezi wa tano

Nimetwanga sombe, majani ya muhogo, peke yangu. Zawadi iko tu na karatasi zake. Mujukuu gani huyu.

Anaomba burse ya kusomea kilimo Kisangani. Watu wa ng'ambo watalipa masomo yote. Ni ya wabinti wenye diploma ya sekondari, wasioolewa. Wanataka aandike maisha yake na sababu ya kupenda kilimo. Asipopata, mama yake amesema atamuita Punia, wauze samaki ya chumvi kwa wachimbaji. Sitaki. Mutoto ana kichwa.

Nikamuambia anisomee. Ameandika Kifaransa, ananigeuzia Kiswahili. Mwalimu wake wa zamani alimusaidia. Maneno makubwa makubwa, maendeleo, jamii, sijui nini. Kisha: "Mimi ni yatima wa vita." Nikaacha kutwanga. Nikamuuliza mama yake alikufa lini, na juzi ametutumia mafuta. Anasema mwalimu amesema yatima njo wanapewa. Basi mwalimu aandike mama yake mwenyewe amekufa.

Nimeichana karatasi ile. Alilia. Alie.

Alhamisi, tarehe 9

Ameandika upya. Nilimuambia: andika vile tunasema hapa nyumbani, usiongeze, usipunguze.

Ameandika vita. Yeye alikuwa hajazaliwa, lakini nimemusimulia mpaka amechoka. Askari hawa ndani ya muji, wengine porini, mashamba yetu katikati. Treni haifiki, mashua haifiki. Muhogo unaozea shambani, sisi mujini tunakula majani. Mume wangu akasema anaenda kuchimba muhogo kidogo tu. Akabeba gunia na jembe langu zuri. Hakurudi. Hata jembe.

Mutoto ameandika anataka kujifunza kulima muhogo wa kutosha pembeni ya nyumba, kwenye kipande kidogo, ili muntu asipite tena kwenye risasi sababu ya chakula.

Nilitoka nje. Moshi ulikuwa mwingi jikoni.

Jumamosi, tarehe 11

Amevuka muto asubuhi, kwenda katikati ya muji kutuma. Huku Alunguli mtandao ni wa kubahatisha. Nilimufokea juu ya viatu, alitaka kuvuka na sandali. Anatuma kwa simu, hawamuoni, lakini haidhuru. Muntu avae.

Jumanne, tarehe 28

Mambo yameharibika.

Watu wa burse wamemuandikia. Wanauliza kwa nini alisema hajaolewa, na yeye iko na muke mwenza. Na mume wao alikufa lini. Asipojieleza, watamutoa.

Tangu akiwa mutoto wa mugongoni namuita muke mwenzangu. Kila tate hapa anaita mujukuu wake wa kike hivyo. Babu yake njo mume wetu. Tunamugombania, yeye anasema babu alimupenda yeye zaidi, mimi namuambia hukumuona hata kisigino. Sasa ameandika vile tunasema. Kwa Kifaransa: muke mwenzangu alinilea, mume wetu alienda shambani na hakurudi. Huko ng'ambo wakaona mujane. Mujane wa mume aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Hata kuhesabu hawahesabu.

Mwalimu alipita, akacheka. "Mama, yatima ilikuwa inatosha, ninyi mumeongeza na mujane." Nilimuonyesha njia.

Zawadi hakuniambia neno baya. Afadhali angeniambia.

Jumatano, tarehe 29

Amewajibu. Wanasema keshokutwa watapiga simu, waongee na yeye na muntu wa nyumbani. Muntu huyo ni mimi.

Zawadi hali. Bugali imerudi vile ilienda.

Ninaogopa. Andiko lile nilimuandikisha mimi, na bado naona ni zuri kuliko la mwalimu. Lakini ninaogopa.

Ijumaa, tarehe 31

Wamepiga. Mama mumoja, Kiswahili yake ya kwetu. Zawadi alianza kujieleza, nikamunyang'anya simu.

"Mama, huyu binti njo muke mwenza wako?"

"Njo yeye. Muvivu. Bugali yake ina madonge."

"Na mume wenu?"

"Babu yake. Amekufa wakati wa vita, na huyu bado anamutaka."

Mama yule akacheka, akacheka mpaka akakohoa. Anasema tate yake kule Kasongo alikuwa anamuita hivyo hivyo, miaka mingi hajasikia neno hilo. Karatasi zilisomwa na wenzake wasiojua utani wetu. Ataenda kuwaeleza.

Nikamuambia awaeleze vizuri, acheke baadaye.

Nimekula sahani nzima. Zawadi amekula mbili.

Jumamosi, tarehe 22, mwezi wa sita

Amepata.

Mama yake amepiga kelele kwenye simu kutoka Punia, anasema sala zake njo zimefanya kazi. Sala. Mimi je? Sikubishana. Mwalimu amekuja na kuku, anasema alijua. Kuku tumepokea.

Kifua changu ni chepesi.

Jumapili, tarehe 6, mwezi wa kumi

Ameondoka asubuhi na mashua. Watashuka muto mpaka Ubundu, kisha barabara mpaka Kisangani.

Nilimupa jembe langu la sasa. Alikataa. Anasema wenzake wote watakuwa na mabegi, yeye aingie chuoni na jembe, kama muntu wa porini. Nikamuuliza atasoma kilimo na vijiko? Akalibeba. Aliona haya kwenye mashua, akalificha chini ya mufuko. Nililiona, mupini ulikuwa nje.

Nilimuambia: hilo ulirudishe.

Akasema, "Ndiyo, muke mukubwa."

Nimerudi nyumbani kwa miguu, polepole. Nimefagia uwanja. Kivuli ni kizuri leo. Nitalala kidogo.