Viatu vya Mchuchumio

Masuguru, Korogwe
9 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limepunguza kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Shamsia mke wangu anakusalimu sana, na watoto kila siku wanauliza lini watakuja Kwaluguru kula mahindi mabichi. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii.

Binamu Munira ameniambia kwamba picha imefika hadi huko kijijini: mimi nimepiga magoti barabarani, namvisha mwanamume kiatu cha kike. Ni kweli mama, ni mimi. Nakueleza kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ningekata kabla sijamaliza.

Yule mtu anaitwa Simeo. Ni Msambaa, fundi cherehani, amepanga nyumba ya tatu kutoka kibanda changu cha kushonea viatu. Mwaka jana aliniletea viatu vyeusi vya mchuchumio, kisigino kimoja kimelegea. Nikadhani ni vya mkewe. Nilipomaliza alivivaa palepale, akanilipa, akashukuru, akaondoka navyo. Nikabaki namsikiliza anavyokwenda kwenye saruji ya baraza, ko, ko, ko. Sindano ikanichoma kidole. Mama, ule ulikuwa mwendo wa kaka Zaidi.

Tangu siku ile nikawa nausikia hata Simeo akiwa hayupo. Nausikia msikitini watu wakivua viatu. Nausikia nikiwa nimeinama kazini, nainua kichwa, barazani hakuna mtu.

Vijana wa bodaboda humpigia honi na miluzi, wengine humfuata na simu zao wakimpiga picha. Yeye haongezi mwendo. Wazee huwaamkia, vijana huwasalimu kwa majina, na wakizidi yeye huingia dukani kwa Mama Upendo, akakaa humo mpaka wachoke. Nilimuuliza kama haoni aibu. Akasema aibu anaiona sana, tena kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, lakini akikimbia siku moja atakimbia maisha yake yote.

Jumanne iliyopita mchana, duka la Mama Upendo lilikuwa limefungwa. Wakamzunguka mbele ya kibanda changu. Mmoja akamvuta mguu, akamvua kiatu, akakiinua juu. Watu wakacheka. Simeo akasimama na kiatu kimoja, mwili umeinama upande, akasema taratibu, "Naomba kiatu changu, kaka." Wakacheka tena. Akarudia, "Naomba kiatu changu."

Unakumbuka, mama. Siku ya harusi ya dada Zamda, Zaidi alipocheza ngoma na viatu vile vya mchuchumio alivyonunua mnadani, baba alimvua mbele ya watu akavitupa motoni. Zaidi hakulia. Alisema tu, "Naomba viatu vyangu, baba." Mimi nilikuwa nimesimama karibu na moto. Ningeweza kuvitoa. Kesho yake alikuwa ameshaondoka.

Safari hii miguu yangu ilinipeleka yenyewe. Nilimpokonya yule kijana kiatu, nikapiga magoti, nikamvisha Simeo, nikamsindikiza hadi kwake. Walitufuata wakituzomea njia nzima. Mama, ni hatua kama mia mbili tu, lakini mgongo wangu ulikuwa umelowa jasho. Yeye hupita hapo kila siku.

Alipofika mlangoni alinishukuru, akasema mimi ni mtu mwema. Neno hilo ndilo lililonishinda, na ndilo linaloandika barua hii.

Mimi si mtu mwema, mama. Baba alipofariki, ulilia kwamba Zaidi hakuja hata kumzika baba yake. Uliniuliza mara tatu kama amepatikana, nikakujibu simu yake haipatikani. Nilikudanganya. Alipiga mwenyewe asubuhi ile, analia, akauliza kama utakubali aje. Nilimwambia, "Mama amesema usije." Niliogopa atakuja na viatu kama vile, watu watucheke makaburini. Umemlaumu miaka mitatu kwa kosa langu, na yeye miaka mitatu anaamini ulimkataa.

Baada ya mambo ya Jumanne nilimpigia nikamwambia ukweli wote. Akauliza tu kama baba alizikwa karibu na bibi. Nikasema ndiyo. Akakata.

Sikuombi unisamehe leo. Nisalimie Mjomba Faraji na majirani wote, na Zamda akija umsomee barua hii, usimfiche. Namba ya Zaidi nimeiandika nyuma ya karatasi. Mpigie wewe, mama. Simu zangu hapokei tena.

Mwanao,
Mbwana