Dirisha Nililoliziba

Kaka Elia,

Nimeingia kwenye kazi ambayo ungenicheka hadi ukae chini. Mdogo wako, niliyekuwa naogopa hata kubadilisha balbu, sasa najifunza ufundi wa hita za nyumbani. Nina viatu vizito na tochi ya kuvaa kichwani, na darasani kwetu Carrollton mwanamke ni mimi peke yangu. Mama anatamba kanisani kwamba binti yake ataipasha joto Texas nzima. Aliponiuliza kwa nini kazi hii, nilimwambia inalipa. Nilimdanganya, Kaka. Kuna jambo sijamwambia mpaka leo.

Unakumbuka hita ilivyokufa ile Ijumaa ya baridi kali, pale kwetu Vickery Meadow, na ofisi ya nyumba za kupanga ikasema fundi atakuja Jumatatu. Mama alikuwa Houston kwa shangazi, tukabaki wawili. Nikachukua selotepu pana nikaziba dirisha la chumba chako pande zote upepo usiingie, na chini nikashindilia blanketi. Nikakuambia, "Usithubutu kulifungua, utaniharibia kazi." Ukacheka ukasema, "Sawa, fundi."

Jumamosi asubuhi nikaenda hotelini kufua mashuka. Wewe ukarudi kutoka zamu ya usiku ghalani umeganda, ukaliingiza chumbani lile jiko la mkaa tulilokuwa tunachomea nyama pale barazani, ukalala. Nani angekulaumu? Kule kambi ya wakimbizi tulilala na jiko ndani miaka yote na hakuna kilichotupata. Lakini nyumba zile za udongo zilikuwa na mianya kila mahali. Hapa mianya nilikuwa nimeiziba mimi.

Mwalimu wetu ni mzee wa Kimeksiko, mpole. Siku alipofundisha kuhusu hewa ya sumu inayotoka kwenye moto uliofungiwa, alisema haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Akakibonyeza kipimo cha hewa hiyo tukisikie kinavyolia. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, sikurudi mpaka kipindi kikaisha.

Tangu hapo unanifuata. Nikikaza skrubu ya mwisho nakusikia nyuma yangu, "Sawa, fundi," nageuka, hakuna mtu. Kwenye kila nyumba tunayoenda kwa mazoezi, nikipita chumba ambamo kuna mtu amelala, nasimama mpaka nione blanketi linapanda na kushuka. Mwalimu anadhani nasikiliza hita.

Wiki iliyopita alinichukua twende Haltom City, kwa mama mmoja Mrundi anayeishi na mjukuu wake mchanga. Hita yake ilikuwa imepasuka ndani, na kipimo kikaanza kulia kabla sijakisogeza karibu. Hapo hakuna mjadala, gesi inafungwa, na kifaa kipya kilikuwa kinakuja baada ya siku tatu. Mwalimu akatoka kwenda kutafuta hita za umeme za kumwazima. Yule mama aliponisikia naongea Kiswahili akanishika mkono. "Mwanangu, usinizimie hita. Lakini ukizima pia si neno, jiko langu liko hapo nje."

Nilijaribu kumweleza kama tulivyofundishwa, nikaona ananiitikia kwa adabu tu, macho yake yako mlangoni kwenye jiko. Basi nikakaa chini nikamwambia habari zako. Nikamwambia habari za dirisha. Nikamwambia na lile ambalo hakuna anayelijua.

Kwamba nilirudi saa tisa mchana. Nilifungua mlango wa chumba chako nikakuona umejifunika hadi shingoni. Kichwa kikaanza kuniuma, nikadhani ni sabuni za hotelini. Nikasema moyoni, maskini, kachoka. Nikaufunga mlango polepole nisikuamshe, nikaenda kusonga ugali. Nilikungoja mpaka ugali ukapoa, ndipo nikaja kukuita.

Kaka, sijui kama pale nilipofungua mlango ulikuwa bado unapumua. Sijui. Mama ameambiwa tu kwamba nilirudi kutoka kazini nikakukuta umeshaondoka duniani. Kila mara tukikutaja ananishika kichwa na kusema, "Afadhali alikutwa na wewe, siyo na mgeni." Naitikia. Nimeitikia miaka miwili.

Yule mama akainuka, akatoka, akalibeba jiko lake mwenyewe na kuliweka nyuma ya gari letu. Aliporudi akaniuliza neno moja tu, "Mama yako anajua?" Nikainamia begi la vifaa nikajifanya natafuta bisibisi.

Jumapili hii, tukitoka ibadani, nitamwambia. Dirisha na mlango, vyote. Naogopa, Kaka, kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Anaweza asiniguse kichwa tena. Lakini jiko la yule mama liko hapa kwangu, na kila nikilitazama naona kwamba mtu baki amenisikia na mzazi wangu bado.

Pumzika sasa. Ukitaka kunifuata nifuate, nimeshakuzoea, lakini usinibebee lawama yangu. Nakuahidi jambo moja kwa kazi hii ya mikono yangu: maadamu naishi, sitaufunga tena mlango wa mtu aliyelala kabla sijamwona akipumua.

Mdogo wako,
Neema