Nilipomwambia Msaili Amekosea

Alhamisi jioni, Maganzo

...nimeipata nafasi! Miezi mitatu ya mafunzo ya kuandika programu kwenye kampuni moja kubwa ya teknolojia. Barua pepe imeingia saa kumi na moja.

Usaili wenyewe ulikuwa juzi, kwa video. Jirani yetu Mama Kulwa alizima mashine yake ya kusaga saa nzima ili nisikie. Wateja wakanung'unika, akawajibu, "Subirini, mtoto anaongea na wakubwa."

Msaili, mtu wa makamo kama baba, alinionyesha programu fupi akataka niifanye iende kasi zaidi. Nikaisoma mara mbili. Ilikuwa inatoa majibu yasiyo sahihi. Kwetu mkubwa habishiwi. Hata hivyo nikasema kwa Kiingereza changu cha kusuasua, "Samahani, kabla ya kasi, hii programu ina kosa."

Akakunja uso, akaijaribu mwenyewe. "Ni kweli," akasema. "Na niliiandika mimi."

Hakucheka. Siku mbili nimejilaumu kwa kiherehere changu.

Leo ameandika kwamba wamenichagua kwa sababu ya sentensi ile. Kiingereza bado kinanitia hofu, lakini...

Nimemweleza mama kwa Kisukuma. Akaniuliza, "Kwa hiyo ulimbishia mkubwa?"

"Ndiyo, mama."

"Na wakakuchukua?"

"Wamenichukua."

Amepiga vigelegele mpaka majirani wametoka nje.